Usikimbilie kujenga kaburi: niliyojifunza kwa Käthe Kollwitz

Mdogo wangu alipofariki nilikuwa hapa Berlin. Siku ya tatu baada ya mazishi, kundi la WhatsApp la michango ya kaburi lilikuwa limeshafunguliwa, na kila mtu anatuma picha ya kaburi alilolipenda. Mimi, kwa kuwa niko Ulaya, nilitazamiwa nitoe nyingi na nitoe haraka, nikatoa. Arobaini ilipofika kila kitu kilikuwa tayari: marumaru nyeupe, msalaba, picha yake kwenye kigae. Ila mwaka wa kuzaliwa ulikuwa umekosewa. Fundi aliitwa akaukwangua, akaandika upya, na pale alipokwangua pamebaki kovu la kijivu. Nilipokwenda likizo nilimkuta mama amechuchumaa, anapitisha kidole juu ya kovu lile taratibu, kama anayempangusa mtoto uso.

Naandika kwa ajili yenu mliofiwa karibuni na mnaoharakishwa. Poleni sana. Subirini.

Naishi karibu na Kollwitzplatz. Pale uwanjani pana sanamu ya shaba ya mama mzee ameketi, na watoto humpanda magotini mchana kutwa. Nilipita mbele yake miaka miwili bila kuuliza ni nani. Ni mgonjwa mmoja ninayemhudumia, mzee wa miaka 90 na ushee, aliyeniambia kwamba yule ni Käthe Kollwitz, mchongaji, aliyefiwa na mwanawe akachukua miaka 18 kumwekea kumbukumbu. Miaka 18! Sisi tulitumia siku 40.

Käthe alizaliwa Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad, Urusi, mwaka 1867. Mwaka 1891 aliolewa na daktari Karl Kollwitz, wakahamia mtaa huu, ambao zamani ulikuwa wa wafanyakazi maskini, na Karl ndiye aliyewatibu. Walijaliwa watoto wawili wa kiume, Hans na Peter. Vita vilipoanza mwaka 1914, Peter alikuwa na miaka 18 na akataka kujitolea jeshini. Kwa umri wake alihitaji ruhusa ya baba. Karl alikataa. Kijana akamgeukia mama, na mama ndiye aliyemwombea mpaka baba akakubali. Mwezi Oktoba mwaka uleule Peter aliuawa Ubelgiji.

Hapo ndipo ninaposimama kila nikimfikiria. Mwaka haujaisha, Käthe alikwisha kuwaza sanamu ya Peter amelala, baba kichwani, mama miguuni. Aliifanyia kazi miaka mingi, na mwaka 1919 akaiweka kando kwa sababu haikuwa imefika alikotaka. Si kwamba alikuwa hajui kazi. Mwaka huohuo alichaguliwa kuingia Akademia ya Sanaa ya Prussia, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa. Mwaka 1926 yeye na Karl walikwenda Ubelgiji kuliona kaburi lenyewe. Kazi ilipokamilika, Peter hakuwamo tena katika sanamu. Wamebaki wazazi wawili tu, wamepiga magoti, wa graniti. Ziliwekwa makaburini mwaka 1932.

Nimekwenda kuziona Vladslo, hukohuko Ubelgiji, zilikohamishiwa pamoja na makaburi miaka ya 1950. Wamezikwa pale askari zaidi ya 25,000 wa Kijerumani, chini ya mawe bapa yaliyolala ardhini, kila jiwe na majina mengi. Jina la Peter liko karibu na sanamu ya baba. Baba amejikumbatia, mikono imebana mbavu kama anayezuia kitu kisimtoke kifuani. Mama ameinama mpaka umbo lake limekuwa kama mzigo uliofungwa. Hawagusani. Nilikaa nao saa nzima na zaidi, na nilimlilia mdogo wangu kwa mara ya kwanza tangu apumzike, maana wakati wa msiba nilikuwa nahesabu michango.

Ukipata nafasi ya kufika Berlin, nenda pia Neue Wache, jengo la taifa la kuwakumbuka wahanga wa vita, barabara ya Unter den Linden. Ndani ya jengo lile tupu, tangu 1993, imewekwa sanamu ya mama aliyempakata mwanawe aliyekufa. Käthe alichonga kisanamu kidogo tu, cha urefu wa sentimita 38 hivi, na kilikuzwa miaka mingi baada ya yeye kufa mwaka 1945. Wapo waliopinga kukikuza, na nawaelewa, kwa sababu huzuni ya mapajani si lazima iwe huzuni ya taifa. Hata hivyo nenda wakati wa mvua. Paa lina tundu la duara juu ya sanamu, na mvua humwangukia yule mama kichwani. Watu huingia wakipiga kelele, wakifika katikati wananyamaza.

Kwa hiyo nikiulizwa sasa, nasema hivi. Weka msalaba wa mbao au jiwe lenye jina, inatosha kwa mwaka wa kwanza, hata wa pili. Fedha ziwekwe mahali salama. Aliyeumia kuliko wote, awe mama au mjane, aulizwe anataka kuona nini akifika pale, tena aulizwe zaidi ya mara moja, kwa sababu jibu la mwezi wa kwanza silo la mwaka wa tatu. Picha za kaburi la fulani zisitumwe kwake. Na kabla fundi hajagusa nyundo, mtu mmoja asome majina na tarehe kwa sauti akiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi.

Mwaka jana nilimuuliza mama kama tubomoe ile marumaru tuanze upya. Alisema niache kwanza, atafikiri. Bado anafikiri. Amepanda mlangilangi pembeni ya kaburi, na kila nikipiga simu hunieleza umefikia wapi.