Barua kwa Mwanangu: Kuhusu F3 Unayotaka Kuinunua

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata pamoja na negativu ulizonitumia, nami nimezikagua kwa kioo cha kukuzia kabla sijashika kalamu. Unaniuliza kama ni busara kuiuza kamera yako ya filamu, Nikon FM, na kuongeza fedha ununue nyingine ya filamu, Nikon F3, kwa kuwa umechoshwa na mambo matatu: picha zako hazina ukali unaoutaka, pembezoni mwake hujitokeza vitu ambavyo hukuviona ulipokuwa ukipiga, na taa za kipima mwanga zimeanza kupepesa. Katika hayo yote, ni moja tu ambalo F3 inaweza kukuondolea.

Nianze na ukali, maana ndio uliouandikia maneno mengi zaidi. Katika kamera ya kidijitali, kihisi, yaani sehemu inayopokea mwanga badala ya filamu, huja pamoja na mwili, kwa hiyo anayebadilisha mwili hubadilisha na ubora wa picha. Kamera ya filamu haiko hivyo. Filamu utakayoitia ndani ya F3 ni ileile unayoitia ndani ya FM, na lenzi yako ya milimita 50 itaingia kwenye F3 bila kubadilishwa chochote, kwa kuwa kamera zote mbili zina kishikio kilekile cha lenzi ambacho Nikon walikianzisha mwaka 1959. Lenzi ileile, filamu ileile, umbali uleule: itakayotoka ni picha ileile.

Negativu zako zenyewe zinanithibitishia hilo. Katika ile ya mzee anayesoma gazeti dirishani, nyuzi za kola ya shati lake zinahesabika moja moja, ilhali jicho limefifia. Lenzi imefanya kazi yake barabara pale ulipoilenga, ila uliilenga shingo badala ya jicho, na kwa kuwa ulifungua tundu la lenzi hadi 1.8 (namba ndogo, tundu pana) ukiwa karibu naye kiasi kile, sehemu iliyo kali haizidi upana wa vidole vichache. Katika ile ya barabara usiku, kila taa imevutwa kuelekea upande mmoja, dalili ya mkono kutikisika. Kwa lenzi ya milimita 50, ukishuka chini ya kasi ya 1/60 ya sekunde bila kuegemea kitu unabahatisha tu. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, weka kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu, tumia filamu ya ISO 100 (isiyo nyepesi sana kwa mwanga), kisha piga kwa kila tundu kuanzia 1.8 hadi 16. Herufi zikitoka safi kwenye 5.6 na 8, kama ninavyotarajia, utajua kwamba lenzi haina lawama.

Suala la pembezoni ni tofauti, na hapo nakuunga mkono. Kitazamio cha FM hukuonyesha takriban asilimia 93 tu ya kile kinachoandikwa kwenye filamu. Wanaopiga picha za kawaida hawaoni hasara, kwa sababu fremu za slaidi na mashine za kuchapishia hukata kingo kwa kiasi hichohicho. Wewe lakini unaskani negativu nzima mpaka kwenye ukingo wake mweusi, na unapanga picha yako kwa makini hadi kwenye kona. Kwa mtu wa namna yako, tawi au mkono wa mpita njia unaojipenyeza kwenye ile asilimia iliyofichwa huharibu kazi nzima. F3 huonyesha fremu yote, asilimia 100, na hili ndilo jambo ambalo mazoezi hayawezi kuliziba. Kama ungeniandikia sababu hii peke yake, barua yangu ingekuwa fupi.

Taa zinazopepesa zisikusumbue. Toa betri chini ya kamera, futa vituo vyake kwa pamba yenye spiriti kidogo, na usipende bei rahisi: weka betri za oksidi ya fedha, SR44, ambazo hushikilia nguvu yake karibu mpaka mwisho, tofauti na zile za alkali zinazoshuka polepole na kukudanganya. Kumbuka pia kwamba kipima mwanga cha FM hakiwaki mpaka uvute kidogo mkono wa kupelekea filamu, na ukiuvuta nusunusu taa zitapepesa hata kama betri ni mpya.

Sasa upande wa pili, ambao waliokusifia F3 huenda hawakuutaja. Kamera hiyo ilitoka mwaka 1980, umbo lake likiwa limechorwa na Giorgetto Giugiaro, Mwitaliano aliyejulikana kwa kubuni magari, na ikaendelea kutengenezwa kwa takriban miongo miwili. Wapiga picha wengi wa magazeti waliitilia shaka mwanzoni, kwa sababu shata yake, yaani pazia linalofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu, hutegemea umeme wa betri. Betri ikifa, unabaki na kimkono kidogo kando ya lenzi kinachofyatua kwa kasi moja tu, karibu na 1/60. FM yako, betri ikifa, unapoteza kipima mwanga tu. Kasi zote hadi 1/1000 zinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Tena flashi ya kawaida haikai juu ya F3 bila kiunganishi, kwa kuwa sehemu yake ya flashi imewekwa kwa namna ya peke yake, juu ya kirudishio cha filamu. Kwa upande mwingine utapata kamera inayojichagulia yenyewe kasi ya shata kwa kufuata mwanga, jambo ambalo litakufaa sana pale mawingu yanapokuja na kuondoka. Mota ya kupelekea filamu usiinunue. Itakuongezea uzito na kukumalizia roli kabla hujafikiri.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba usiiuze FM. Safisha vituo vya betri, fanya lile jaribio la ukurasa wa gazeti, na upige kwa muda ukiacha nafasi kidogo pembezoni. Ikiwa baada ya hapo bado kingo zinakukera, nunua mwili wa F3 peke yake, bila lenzi, na FM iwe kamera yako ya akiba siku betri zitakapokuachia njiani.

Ukifika mahali pa kununua, rangi iliyochubuka hadi shaba isikutishe. Inaonyesha tu kwamba kamera ilitumika. Chungulia sponji za mlango wa nyuma na ile inayopokea kioo cha ndani kinaponyanyuka, kwani za zamani hugeuka kuwa ulimbo mweusi, na hesabu gharama ya fundi wa kuzibadilisha ndani ya bei. Hakikisha tarakimu ndani ya kitazamio bado zinasomeka. Na usije ukaikataa kamera nzima kwa kusikia kasi zote zinalia sawa: F3 hufyatua kwa 1/80 mpaka kihesabio cha picha kifike kwenye namba 1, hata kama umeweka kasi nyingine. Peleka kihesabio mbele kwanza, ndipo usikilize kasi za polepole, sekunde moja, nusu, robo. Nitumie picha za sponji na za shata kabla hujalipa, nami nitakujibu siku hiyohiyo.

Akupendaye,
Baba yako