Ndama wa nyama aliyeachishwa kunyonya: hei kwanza, nafaka kwa kipimo

Ndama wa Boran au wa zebu wetu wa kienyeji anayeachishwa akiwa na miezi saba au minane huwa na kilo 110 hadi 160. Katika mikoa kama Dodoma na Singida, waliozaliwa mwanzo wa mvua huachishwa Juni au Julai, majani yakiwa tayari yamekauka. Ananyang'anywa vitu viwili kwa mpigo: maziwa ya mama na malisho mabichi. Mfugaji akiona mbavu zinaanza kuhesabika, anakimbilia gunia la pumba au mahindi na kumwaga ndoo nzima kwenye hori. Hapo ndipo ndama wengi wanapopotea, tena si wale dhaifu, bali wenye hamu kubwa ya kula, wanaowasukuma wenzao pembeni.

Sababu iko kwenye tumbo kuu. Mle ndani kuna vijidudu vinavyovunja nyuzi za majani na vingine vinavyovunja wanga. Ndama aliyetoka kwenye maziwa na majani ana vichache sana vya wanga. Nafaka ikiingia nyingi kwa siku moja, vinavyopenda wanga vinazaliana ndani ya saa chache na kutoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo inaua vijidudu vya hei (nyasi zilizokatwa na kukaushwa), inaunguza ukuta wa tumbo, na inavuta maji ya mwili kuyaingiza tumboni. Ndama anaharisha, macho yanazama, anayumba, na anaweza kufa kesho yake. Akipona, mara nyingi kwato zinauma na hatakua vizuri tena.

Hei inazuia hayo kwa njia ya moja kwa moja. Nyuzi ndefu humlazimisha ndama kucheua, kucheua humwaga mate, na mate ya ng'ombe yana bikaboneti inayopunguza ukali wa asidi. Kwa hiyo tusiihesabu hei kama kijazio cha tumbo huku nafaka ikiitwa chakula chenyewe. Nafaka nayo ina kazi yake: asidi zinazotokana nayo ndizo zinazokuza vinyweleo vya ndani ya tumbo kuu vinavyofyonza lishe. Vyote viwili vinahitajika. Tofauti ni kwamba hei anaachiwa ale atakavyo, nafaka anapimiwa.

Hei ya ndama si hei yoyote

Ng'ombe mkubwa asiyekamuliwa anaweza kuvumilia mabua. Ndama wa kilo 130 hawezi, kwa sababu tumbo lake ni dogo na chakula kigumu kinakaa humo muda mrefu kabla ya kupisha kingine. Nyasi za Rhodes zilizokatwa zinapoanza kutoa maua huwa na protini ya asilimia 8 hadi 10. Zikiachwa mpaka mbegu zikomae na mashina yawe ya njano, protini hushuka hadi asilimia 4 au 5, na ndama atashiba huku akikonda. Mabua ya mahindi yako humohumo kwenye 3 hadi 5. Mabua ya maharage na ya karanga ni bora zaidi, ila yasiwe na ukungu.

Unaponunua, fungua robota moja katikati, usiridhike na rangi ya nje. Tafuta majani mengi kuliko mashina, rangi ya kijani iliyofifia, harufu ya nyasi. Likitoa vumbi jeupe au harufu ya uvundo, liache. Robota linalotoa joto ukiingiza mkono lilifungwa bichi. Litaota ukungu na linaweza hata kuwaka ghalani. Kabla ya kufunga hei yako mwenyewe, sokota kishada cha nyasi kwa mikono: mashina yakikatika ni kavu vya kutosha, yakipinda tu yarudishe juani. Kisha panga marobota juu ya magogo au mbao, yasiguse ardhi wala ukuta.

Mahesabu ya kiasi ni mepesi. Ndama wa kilo 150 akishazoea hula jumla ya kilo 4 hadi 4.5 za chakula kikavu kwa siku. Kilo moja na nusu ikiwa nafaka, hei inakuwa karibu kilo 3. Ndama kumi kwa siku 120, toka Julai hadi mwisho wa Oktoba, ni kilo 3,600. Ongeza kama sehemu moja ya sita kwa inayokanyagwa, unafika kilo 4,200, yaani marobota 280 ya kilo 15. Pima marobota machache kwa mizani kabla ya kulipa. Yapo yanayoitwa ya kilo 15 yakiwa na 11.

Uzito wa ndama bila mizani unapatikana kwa kamba na rula. Zungusha kamba kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu toka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Kwa sentimita, zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mzingo wa 125 na urefu wa 105 vinakupa kilo 151. Si sahihi kama mizani, lakini ni bora mara kumi kuliko kukadiria kwa macho.

Mchanganyiko wa nafaka

Mahindi yaparazwe, yasisagwe. Punje ikivunjika vipande vitatu au vinne inatosha. Unga laini unachacha haraka tumboni, unaleta asidi na gesi, tena vumbi lake linawakohoza ndama. Mwenye mashine akikwambia chekeche yake ni ya sembe tu, tafuta mashine nyingine. Punje nzima nazo, baadhi hutoka na kinyesi bila kumfaidi mnyama.

Kwa kilo 100, mchanganyiko huu unakaa vizuri:

Mahindi ya kuparaza, kilo 35
Pumba za mahindi, kilo 22
Mashudu ya alizeti, kilo 36
Molasi, kilo 4
Chokaa ya mifugo, kilo 2
Chumvi, kilo 1

Protini yake ni kama asilimia 15, ambayo ikikutana na hei ya wastani inatosha ndama kuongeza karibu nusu kilo kwa siku. Hei yako ikiwa mbaya, ongeza mashudu na upunguze mahindi, kwa kuwa kinachokosekana kwenye hei mbaya ni protini kwanza. Wengi hufanya kinyume.

Ile chokaa watu huiona ndogo na kuiruka. Pumba na mashudu yana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Ndama dume aliyehasiwa, akila hivyo miezi kadhaa, hupata mawe kwenye mkojo: anajikamua, anapiga teke tumbo lake, mkojo unadondoka tone tone au unakatika kabisa, hadi kibofu kinapasuka. Lengo ni kalsiamu iwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya fosforasi, na kilo mbili za chokaa zinakufikisha hapo. Chumvi inasaidia vilevile kwa kuwa inamfanya anywe maji zaidi. Sanduku la chumvi la kulamba liwepo bandani muda wote.

Pumba zijaribu kwa glasi ya maji: mchanga hukaa chini, na ukiona tabaka nene ujue unauziwa udongo kwa bei ya chakula. Mashudu kutoka mashine ndogo za kukamua bado yana mafuta mengi na huchacha upesi. Nunua ya kukutosha wiki tatu au nne tu. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ambayo tumbo changa halijaweza kuidhibiti, hivyo kwa umri huu yasizidi kilo 15 katika 100. Mahindi au mashudu yenye ukungu usiyapunguzie kwa kuyachanganya na mazuri, kwani sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuanika. Urea iache kabisa. Ikiyeyuka kwenye hori lililonyeshewa au ikibaki bonge moja bila kuchanganyika, inaua kwa amonia ndani ya saa chache, na mashudu yanaleta protini bila hatari hiyo.

Jambo moja ambalo wenye punda wanapaswa kulijua: virutubisho vya viwandani vyenye monensini, ambavyo huchanganywa kwenye vyakula vya ng'ombe wa kunenepesha, vinaua punda na farasi hata kwa kiasi kidogo. Soma lebo. Punda wa kubeba maji asiwe na njia ya kufika kwenye hori la ndama.

Siku ishirini za kwanza

Kazi inaanza kabla ya kuachisha. Wiki mbili au tatu kabla, tengeneza uzio mdogo zizini wenye mlango wa upana wa sentimita 40 hadi 45. Ndama anapita, mama hapiti. Weka humo hei laini na konzi ya mchanganyiko kila siku. Kuhasi, kukata pembe, chanjo na dawa ya minyoo vifanyike katika kipindi hiki, visirundikwe siku ya kuachisha. Siku yenyewe, ukiweza watenganishe kwa uzio imara tu ili waonane na kunusana. Watalia siku tatu nne, lakini watakula mapema kuliko waliopelekwa mbali.

Ndama aliyeachishwa ghafla hula kidogo sana wiki ya kwanza, pengine kilo moja na nusu hadi mbili kwa siku. Usilazimishe. Siku tatu za mwanzo mpe hei bora uliyo nayo, maji safi, na gramu 200 tu za mchanganyiko zilizonyunyizwa juu ya hei. Siku ya nne panda hadi nusu kilo na ubaki hapo mpaka ya saba. Siku ya nane robo tatu ya kilo, ya kumi na moja kilo moja, ya kumi na nne kilo na robo, ya kumi na saba kilo na nusu. Hiyo ndiyo asilimia 1 ya uzito kwa ndama wa kilo 150, na hakuna sababu ya kuivuka kwa ndama atakayerudi malishoni mvua zikinyesha. Anayenenepeshwa mapema mno hujaza mafuta kabla mifupa haijarefuka, na mvua zikija wale wa wastani hufidia haraka kwa majani ya bure.

Gawa mara mbili, asubuhi na jioni, saa zilezile. Hei itangulie, nafaka ifuate baada ya nusu saa, tumbo likiwa na kitu. Kila ndama apate sentimita 40 za hori, wote wale kwa wakati mmoja, la sivyo mkubwa atakula sehemu ya watatu na ndiye utakayemzika. Ndama wakitofautiana uzito kwa zaidi ya kilo 40, gawa makundi mawili. Maji ni lita 15 hadi 20 kwa kichwa siku za joto; hori la maji likiwa na utando, hei nayo haitaliwa.

Jike mzee mpole asiyenyonyesha akiwekwa nao wiki ya kwanza huwa kungwi wao: anakwenda horini, nao wanafuata. Hata hivyo kila kundi huwa na mmoja au wawili wanaosimama pembeni. Watazame ubavu wa kushoto, kwenye shimo nyuma ya mbavu. Likiwa limebonyea siku ya tatu, ndama huyo hali. Mtenge na mwenzake mmoja mpole, umpe hei ya majani mengi.

Kinyesi kinasema mapema kuliko mwili. Kikiwa kama uji mzito unaotandaa, endelea. Kikiwa kigumu, kimepangana pete juu ya pete, protini haitoshi. Kikiwa cha kijivu, chepesi, chenye mapovu na harufu ya uchachu, nafaka imezidi: iondoe yote siku mbili, acha hei na maji, kisha rudi hatua mbili nyuma kwenye ratiba. Aliyezubaa na kuacha kucheua mwite mtaalamu wa mifugo. Mtaalamu akichelewa, gramu 100 hadi 150 za magadi ya kuumulia maandazi (bikaboneti ya soda) kwenye lita mbili za maji ya uvuguvugu, zikinyweshwa taratibu akiwa amesimama na kichwa kisiinuliwe sana, zinaweza kumvusha. Aliyelala na asiyemeza usimnyweshe, maji yataingia mapafuni. Kuhara damu wiki ya tatu hadi ya sita baada ya kuachisha mara nyingi ni koksidia, vimelea vya utumbo, na kubadilisha chakula hakutaponya. Anahitaji dawa, na wenzake wahamishwe toka palipolowa.

Ndama wa mnadani ni hesabu nyingine. Ametembea, amepanda lori, amekaa na kiu. Mpe hei na maji kidogo kidogo, na asione nafaka wala molasi kwa siku tatu nzima hata akilia horini. Ndipo uanze ile ratiba mwanzo, na uogeshaji wa kupe uwe umefanyika.

Mvua zikianza, usiikate nafaka siku moja. Majani machanga ni maji mengi na nyuzi chache, na ndama huyavamia. Endelea kuwapa hei asubuhi kabla hawajatoka kwa siku kumi hivi, na nafaka ipungue robo kilo kila siku tatu mpaka iishe.