Muulize Konda Mstaafu: Kadi ya nauli na ile mia yako

Safari hii barua karibu zote ni za kadi. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi nilining'inia mlangoni miaka kumi na moja, kwanza Hiace, baadaye DCM, Mbagala kwenda Kariakoo. Hadi leo nikishika noti vidole vinaikunja vyenyewe kwa urefu.

*Kaka Konda, kadi yangu ya N-Card ninayovukia pantoni imefuliwa ndani ya jinzi, tena kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Ilikuwa na salio la 4,000. Ndiyo pesa imeoshwa? — Kijana wa Kigamboni*

Haijaoshwa, kijana. Kadi hiyo haina betri ya kuingia maji. Ndani yake kuna chipu ndogo kuliko punje ya mchele, na waya mwembamba uliozungushwa mara kadhaa kufuata kingo za kadi. Ukiisogeza kwenye mashine ya getini, waya ule hunasa nguvu inayotoka kwenye mashine, chipu inaamka, wanasalimiana, wanakubaliana, inalala tena. Yote hayo kabla hujapepesa jicho. Nguvu yenyewe haifiki mbali, ni sentimita chache tu, ndiyo maana kuipunga kadi hewani kama unamuaga mtu hakusaidii kitu.

Ianike kivulini, ikikauka ukajaribu. Kinachoua kadi ni kukunjwa, maana waya ukikatika kwa ndani hakuna dawa. Pasi nayo inaua. Na wale mnaoiweka mfuko wa nyuma halafu mkakaa juu yake siku nzima, msije kulalamika kwangu.

Jambo moja zaidi. Geti likikataa, itoe kadi kwenye pochi kwanza. Ikikaa pamoja na kadi ya benki, zote mbili zinaamka na kujibu kwa mpigo, kama makonda wawili wanaomvuta abiria mmoja huku na huku. Mashine haijui imsikilize nani.

*Mzee wetu, hujambo. Nimepata kadi kwenye droo ya baba, imeandikwa BebaPay. Baba anasema ilikuwa ya kulipia matatu. Mimi tangu nianze kupanda gari peke yangu nimelipa pesa mkononi au kwa M-Pesa. Hii kadi iliendaje? — Mwanafunzi, Kayole, Nairobi*

Sijambo mwanangu, na hiyo kadi usiitupe. Umeshika kipande cha historia, na mimi historia hiyo naipenda kwa sababu naielewa kutoka upande usioandikwa sana magazetini.

BebaPay ililetwa Nairobi mwaka 2013 na Google wakishirikiana na benki ya Equity. Unaweka pesa kwenye kadi, makanga anashika simu, unagusa, nauli inakatwa. Haikuwa peke yake, kadi nyingine zilifuata. Serikali ya Kenya nayo ikatoa amri: kuanzia tarehe 1 Julai 2014, matatu zisipokee pesa taslimu. Siku ikafika, ikasogezwa. Desemba ikaja nayo. Mwaka 2015 Google wakafunga biashara yao hiyo, na abiria akaendelea kutoa noti ya mia kama jana yake.

Wengi watakwambia mashine zilikuwa mbovu, au kadi ya gari hili haikukubaliwa na gari lile. Kweli, hilo lilikera. Lakini mimi nakwambia kama mtu aliyekula mlangoni: kadi ile iliuawa na hesabu.

Hesabu ni nini? Kwetu Dar, asubuhi unachukua gari la tajiri, mnakubaliana jioni umpelekee kiasi fulani. Mafuta juu yako. Kinachobaki ndicho chakula cha dereva na konda. Huna mshahara. Kwenu Nairobi majina yanabadilika, mchezo ni uleule. Sasa fikiria nauli yote inapita kwenye kadi na kutua kwenye akaunti ya tajiri. Mimi jioni nashika nini? Namwambia mke wangu nini, kwamba pesa iko kwenye mtandao?

Halafu kuna watu wa katikati. Mpiga debe kituoni anataka chake, papo hapo, kiganjani. Deiwaka aliyenishikia mlango saa mbili nikanywe chai anataka chake. Na kuna mtu mwingine anayesimama barabarani, mkono wake huwa nyuma, ambaye sitamtaja kwa cheo. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye mashine ya kugusia kadi.

Na nauli yenyewe haikai mahali pamoja. Wewe wa Kayole unajua kuliko mimi: mvua ikinyesha jioni, ya hamsini inakuwa mia. Kadi haioni mvua. Inakumbuka ulilipa ngapi na saa ngapi, na tajiri akiamka asubuhi anaona gari lake lilibeba watu wangapi. Hilo ndilo lililoogopwa kuliko yote. Kama tajiri wangu angejua idadi kamili ya vichwa nilivyobeba siku ya mvua, hesabu ingepanda kesho yake.

Nami niseme langu, maana nimeshastaafu. Miaka ile nauli ya Dar ilipokuwa 400, abiria alitoa 500. "Chenji utapata ukishuka." Gari limejaa, anashuka kwa kubanwa, mia yake inabaki. Thelathini wakisahau ni 3,000. Sikuiba, nilikuwa nasahau pamoja nao. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema makanga walikuwa washamba, walikataa teknolojia, nacheka. Makanga haohao leo wanapokea nauli kwa M-Pesa. Pesa inaingia kwenye simu wanayoishika wao, unaona tofauti yake? Mwangalie dereva wa mwendokasi wa Dar, yale mabasi yenye njia yao peke yao. Yeye ana mshahara, na tangu magari yale yaanze Mei 2016, nauli imelipwa kituoni kabla hujapanda. Dereva hagusi pesa. Pale kadi haimnyang'anyi mtu tonge. Tena pale ilihitajika tangu siku ya kwanza: nauli ilianza na 650, umetoa elfu, mkata tiketi akutafutie 350. Mia mbili, mia, na hamsini. Hamsini! Nyuma yako foleni imefika barabarani.

*Assalaam aleikum mwanangu. Niko London kwa binti yangu. Nimepewa kadi ya nauli ya huku, inaitwa Oyster. Juzi nilitoka na mjukuu kwa treni, tukashuka Beckton, tukaenda zetu. Binti yangu kaangalia, anasema nimekatwa nyingi kupita kiasi. Kosa langu liko wapi? — Bibi wa Tanga*

Waaleikum salaam bibi, shikamoo. Bila shaka uligusa wakati wa kuingia ukasahau wakati wa kutoka. Nakuelewa, maana treni hizo za DLR, ile reli nyepesi ya London, vituo vyake vingi havina mageti. Kuna nguzo tu yenye kidude cha njano cha kugusia, na mjukuu akishakimbia nani atakumbuka nguzo? Mashine ikiona mtu kaingia wala hakutoka, inamkata nauli ya juu kabisa, kama vile kasafiri mpaka mwisho wa dunia. Mwambie binti yako aombe marekebisho kwenye akaunti ya kadi, mara nyingi wanarudisha.

Kwenye basi ni kinyume. Unagusa mara moja tu unapopanda, kwa dereva. Kushuka, shuka zako. Na usimpe dereva sarafu, mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu Julai 2014. Mwezi uleule, ona, ambao matatu za Nairobi nazo zilitakiwa ziache. Dereva wa London hakuwa na cha kupoteza.

Binti akikuongezea salio kwa simu, usishangae kadi ikikaa kimya. Salio linaingia kwenye kadi pale unapoigusisha, kabla ya hapo linakusubiri. Na siku ya kurudi Tanga, dai kilichobaki. Kuna mamilioni ya pauni yamelala kwenye kadi ambazo wenyewe wameziacha kwenye makabati. Yako isiwemo.

*Konda, mimi nauza chakula, pesa yangu naipata leo naitumia leo. Kila mtu ananiambia nunua kadi, weka elfu kumi, utulie. Elfu kumi ni mtaji wangu wa maharage na mchele. Nifanyeje? — Mama ntilie, Mbagala*

Usiweke elfu kumi. Anayekwambia hivyo analipwa mwisho wa mwezi. Pesa ikishaingia kwenye kadi haitoki tena kununua mchele, na mchele ukipanda bei kesho kadi haitakusaidia. Weka ya kwenda na ya kurudi. Ya kurudi hasa, kwa sababu siku biashara ikidoda utakuwa na hakika ya kufika nyumbani. Kama kadi inakubali kuandikishwa jina au namba ya simu, iandikishe siku hiyohiyo, maana isiyo na jina ikidondoka ni sawa na noti iliyodondoka.

Na mama, kama ni wewe uliyekuwa ukipanda kwangu Rangi Tatu saa kumi na moja alfajiri, na sufuria mbili zimefunikwa kanga, mia zako ninazo. Sijui ni ngapi. Njoo tuhesabu.