Ugali Tunausingizia Tu

Mwambie mtu yeyote hapa Kisumu kwamba unataka kupunguza mwili, atakwambia uache ugali. Akiwa na muda zaidi atakuongezea maji ya ndimu na tangawizi, unywe kabla jua halijachomoza. Mimi ugali bado nala, na ndimu naikamulia samaki. Kilichonipunguza ni kuvipunguza vile vitu ambavyo hatuvihesabu kuwa chakula: chai, mafuta ya kupikia, soda ya kumpokelea mgeni, njugu za kutafuna huku tukipiga soga.

Chai ndiyo mchokozi mkubwa. Kazini kwetu huletwa saa nne na saa kumi, imeshakorogwa sukari humo humo kwenye thamosi. Nyumbani kuna ya asubuhi na ya usiku wakati wa taarifa ya habari. Piga hesabu ya vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku: hivyo ni vijiko 12, na kijiko kidogo kisichojaa sana kina gramu 4 hivi. Unakaribia gramu 50, na bado hujagusa sahani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari ya kuongezwa isifikie asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwenye chakula cha siku. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, hizo ndizo gramu 50 zenyewe, na wanasema ukishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Sasa juu ya hapo teremshia soda ya mililita 300, yenye zaidi ya gramu 30. Lakini tutafanyaje, nasi tumezungukwa na miwa? Kiwanda cha sukari cha Miwani kilijengwa 1922, ukisonga mbele unakutana na Chemelil, kisha Muhoroni. Chai bila sukari huku huonekana ya mgonjwa.

Nilipunguza kijiko kimoja, ulimi ukazoea, nikapunguza kingine. Kwa mama anayetuletea chai kazini nilimwomba anitilie yangu kabla hajaweka sukari.

"Kwani umepatikana na sukari, dada?"

"Hapana, mama. Napunguza mwili tu."

Hakuniamini, lakini yangu huja ikiwa pembeni. Mandazi nayo, ukiwa na chai isiyo tamu, hayakuiti sana. Hilo sikulitarajia.

Upande wa mafuta ulihitaji kijiko, basi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au sukari ina 4, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kinakaribia kalori 120. Wengi wetu tunamimina moja kwa moja kutoka kwenye mtungi mpaka sufuria ing'ae. Siku hizi sukuma wiki ya nyumba nzima naipikia vijiko viwili, na hakuna aliyelalamika. Omena, wale dagaa wa ziwani, ndio walionishangaza. Waoshe kwa maji moto mara mbili hivi mchanga utoke, wakaushe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo ukiwageuza kwa mwiko mpaka waanze kuchakarika na kunukia, ndipo utie kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu, nyanya nyingi na dania. Wanatoka wakavu kidogo, watamu, na hawaelei kwenye mafuta. Ngege (tilapia) pia, badala ya kumzamisha kwenye karai, mchemshe na nyanya. Hata wazee wanampenda hivyo.

Ugali wenyewe nimeubadilishia nafasi tu. Zamani mboga ilikuwa kando, kazi yake kuuteremsha. Sasa napakua mboga kwanza, nusu ya sahani, samaki au maharagwe wachukue robo, ugali uingie panapobaki. Ndiyo maana Jumapili sikosi soko la Kibuye kutafuta mboga za kienyeji: osuga, akeyo, mrenda, kunde, vyote vibichi. Na usidanganywe na wanaouza unga wa wimbi kama dawa ya kukonda. Mimi naupenda, unashibisha, lakini kalori zake hazipishani sana na za mahindi. Bonge la wimbi bado ni bonge.

Kazi ngumu kuliko zote ni watu. Ukipungua huku, habari husambaa kwamba una shida, ama ya ndoa ama ya hospitali. Ukienda ushago mama mkwe anakuwekea ugali wa kutosha watu wawili, na kuurudisha ni kumtusi. Dawa niliyopata ni kuingia jikoni mapema nimsaidie kupakua. "Mama, wewe keti, leo nagawa mimi." Anafurahi kuona mkaza mwana hana uvivu, nami sahani yangu naijua.

Kama unatumia dawa za kisukari au presha, ongea na daktari wako kabla ya kubadilisha ulaji, kwa sababu huenda dozi ikahitaji kurekebishwa. Wengine, jipimeni kwenye mzani ule ule kila mara. Wa duka la dawa na wa jirani huwa haielewani, na unaweza kufurahia kilo ambazo hazijaenda popote. Chapati bado zipo Jumapili. Nakula moja na dengu, na nikitaka ya pili naila bila chai.