Ukimpata mwanafunzi asiyekata tamaa, usikimbilie kumsifia kipaji

Katika shule ya sanaa ya Kikristo ninakofundisha kuchora, mwanafunzi aliyetuamsha walimu hakuingia na mkono mwepesi. Mikono aliyoichora ilifanana na glovu zilizojazwa pamba: vidole vyote urefu mmoja, kidole gumba kimebandikwa ubavuni kama nyongeza. Wenzake walipohamia kwenye rangi, yeye alibaki na mkaa wake, anachora mkono wake wa kushoto.

Kilichonivutia kilikuwa pembeni mwa karatasi. Kila alipomaliza aliandika kilichomshinda: "kiganja kifupi", "kivuli kimezidi". Karatasi mbovu hakuzitupa, alizipanga ili alinganishe. Siku moja akaniita: "Mwalimu, samahani, kidole gumba kinakataa. Naona kimekosea ila sijui kimekosea wapi."

Hilo ndilo swali la kusubiri. Mwalimu mwenzangu, ukiulizwa hivyo, usimpokonye mkaa. Chora pembeni, kwenye karatasi yako. Nilimwonyesha kwamba kidole gumba hakianzii kwenye ukingo wa kiganja, kinaanzia chini karibu na kifundo cha mkono, na kwamba vifundo vya vidole vinne havikai kwenye mstari mnyoofu, vinajipinda. Kisha nikamwambia aache vidole kabisa, achore nafasi tupu zilizo katikati yake. Jicho linadhani linajua umbo la kidole, ndiyo maana linadanganya. Umbo la nafasi tupu halilijui, basi inabidi litazame.

Shule zetu za Kikristo zina mtego wake: kumfariji mwanafunzi kwa maneno ya imani mahali alipohitaji kusahihishwa. Omba naye, vizuri sana, lakini mkishasema amina mwonyeshe kosa liko wapi. Katika Kutoka 31, Bezaleli, fundi wa hema la kukutania, anajazwa Roho ya Mungu, na papo hapo yanatajwa dhahabu, fedha, shaba, kukata vito na kuchonga miti. Sura ya 35 inaongeza kwamba yeye na fundi mwenzake Oholiabu walitiwa moyo wa kufundisha. Mchoro mbovu wa msalaba bado ni mchoro mbovu.

Mifano ya wakubwa husaidia ukiichagua vizuri. Mimi huonyesha mikono inayoomba ya mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer, ya mwaka 1508. Watu huitundika ukutani kama picha ya ibada, kumbe ilikuwa zoezi la maandalizi ya mchoro wa madhabahuni, na aliandaa pia miguu na mikunjo ya nguo kwa namna hiyohiyo. Mchoraji Mholanzi Van Gogh naye, baada ya kuhubiri kwa wachimba makaa ya mawe wa Borinage, Ubelgiji, aliamua kuwa msanii mwaka 1880 akiwa na miaka 27, akaanza kwa kunakili kurasa za mazoezi ya kuchora za Mfaransa Charles Bargue. Mwanafunzi mzito asimuliwe huko kunakili. Habari za umaskini na mateso ya Van Gogh ataambiwa na wengine, tena kwa kutiwa chumvi.

Ila angalia: bidii na ukaidi hufanana ukivitazama kwa mbali. Mimi hutandaza karatasi za zamani na za sasa sakafuni na kuangalia kama makosa yanabadilika. Yakibadilika, mwache aendelee. Kosa likiwa lilelile, kumwambia "ongeza bidii" ni kumtesa. Mbadilishie zoezi, mpe udongo afinyange huo mkono, au mwambie akapumzike. Watu wa aina hii hawasemi wamechoka.

Kwetu walimu matokeo yalianza kimyakimya. Mwenzangu wa uchongaji alirudi kuchora wakati wa mapumziko, jambo aliloliacha zamani. Ukutani sasa tunabandika mazoezi pamoja na maandishi yake ya pembeni. Kazi zilizokamilika hazikai peke yake tena.

Jambo la mwisho: msimgeuze kuwa hubiri. Mwanafunzi anayetolewa mfano kila ibada huanza kuogopa kukosea hadharani, na kukosea ndiyo kazi yake. Wetu tulimwomba atoe ushuhuda asubuhi moja. Akainamisha kichwa kwa adabu: "Walimu wangu, naomba nimalize miguu kwanza." Tukamwacha. Miguu nayo ina balaa lake, hasa ikitazamwa kwa mbele.