Shangazi, mume wangu alitangulia na maji yote akaondoka nayo

Barua ya leo ilikuwa kurasa nne, naifupisha. Dada anaishi Bremen, Ujerumani, na mumewe, wote wa Tanga, Wakatoliki, ndoa ina miaka 11. Mwezi wa tano walichukua likizo wakaenda kutembea kipande cha ile njia ya hija ya Mtakatifu Yakobo, ile inaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port kule Ufaransa, inakata Hispania mpaka Santiago de Compostela, karibu kilomita 780, na watu wengi wanaila vipandevipande, mwakani wanarudi pale walipoachia. Siku ya nne walitoka mji wa Pamplona, jimbo la Navarra huko Hispania, kwenda mji mdogo wa Puente la Reina, kilomita kama 24. Sasa msikilizeni mwenyewe:

"Shangazi, tulipoanza kupanda mlima wa Alto del Perdón mume wangu akaniambia tutaonana juu. Juu sikumkuta. Chupa mbili za maji ziko kwenye begi lake, mkate kwake, hata vile vitabu vyetu vya hija vya kugongewa mihuri njiani kwake. Nimeshuka yale mawe peke yangu nalia, vidole vina malengelenge, bibi mmoja Mkorea akanipa fimbo yake moja na nusu chungwa. Nafika saa 12 jioni, mwenzangu kaoga, soksi kaanika, ananiuliza 'Mbona umechelewa?' Kesho yake nikapanda basi nikarudi Pamplona. Mpaka leo tunaongea habari za bili tu. Naye ameshakata tiketi za mwakani. Niende au niombe talaka?"

Mwanangu, pole. Naanza na hiyo maana kwenye kurasa zote nne sijaona aliyekupa.

Talaka weka pembeni, nyie Wakatoliki hata hamjui inapouzwa. Na kwamba alitangulia, mimi hapo simlaumu, utanisamehe. Kila mtu ana mwendo wake, marehemu mume wangu alikuwa anatembea kama anadaiwa, tukienda sokoni mimi nafika yeye ameshapatana bei ya samaki, ukimlazimisha mtu wa hivyo aende taratibu anaumia magoti na anakuwa mkali siku nzima. Kwenye njia ile wapenzi kibao mmoja anatangulia asubuhi wanakutana kwenye kahawa kijiji cha mbele na hakuna anayeona ajabu.

Ila maji! Kwenye mlima huohuo, kabla hujafika kileleni kwenye yale masanamu ya chuma ya mahujaji wanaopigwa na upepo, kuna chemchemi inaitwa Fuente Reniega. Hadithi yake ni kwamba hujaji alifika pale na kiu ya kufa, shetani akamwambia mkane Mungu nikuonyeshe maji, akakataa, akatokea Yakobo mwenyewe kavaa kihujaji akamnywesha kwa gamba la kombe. Yaani mumeo kachagua mlima huo, kati ya milima yote ya Hispania, kukuacha na kiu. Mwambie Shangazi kacheka kwanza ndio akakasirika.

Kosa lake hasa ni kwamba alisema tutaonana juu halafu hakukaa juu. Kupanda pale ni jasho tu, kazi iko kwenye kushuka kwenda kijiji cha Uterga, mawe ya mviringo yanabiringika chini ya kiatu, hapo ndipo mtu anamngoja mwenzie. Na alipokuona mlangoni na hali ile, neno lilikuwa moja, herufi nne, tunalifundisha watoto kabla ya kuhesabu.

Sasa na wewe. Ukurasa wa pili umeandika kidole kilianza kuchoma mkiwa kijiji cha Cizur Menor, hapo hata saa mbili hamjatembea, akakuuliza vipi, ukajibu "niko poa". Mbele kidogo, kijiji cha Zariquiegui, tena niko poa. Mwanangu ulikuwa poa wapi? Lengelenge halianzi na maji, linaanza na joto, ukisikia tu kama kuna kaa la moto kwenye soksi unakaa chini hapohapo, kiatu nje, futa jasho, bandika plasta, dakika tano. Ulinyamaza ukitaka agundue mwenyewe, naye mgongo wake uko mbele yako, angegundua na nini?

Nenda mwakani. Lakini kabla hamjapanda ndege mkalishe, sio kwenye gari wala usiku kitandani, mezani na chai, umwambie ile "mbona umechelewa" ndiyo iliyokupandisha basi. Usimkumbushe mengine ya zamani. Akisema pole ipokee, usimlipishe riba.

Halafu kila mtu na maji yake, mkate wake, hela yake na kitabu chake cha mihuri, hili halina mjadala. Begi likikushinda wapo wanaosafirisha mabegi kwa gari mpaka malazi ya jioni, euro chache tu, na dhambi sio. Siku ya kushuka kata kucha, kaza kamba za kiatu pale kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele. Na ukichoka panda basi bila aibu, cheti cha kumaliza hija kinachotolewa Santiago wanaangalia kilomita 100 za mwisho kwa miguu, hako kakipande ka Navarra hakuna atakayekuuliza.

Mtaanzia palepale darajani Puente la Reina. Mkipita Mañeru kijiji kinachofuata ni Cirauqui, kiko juu ya kilima unakiona kwa mbali, mwambie atangulie kwa amani ila akifika akae, asiagize chakula mpaka akuone.

Na yule bibi Mkorea, fimbo yake ulimrudishia?