Ponting au Border?

Umeuliza kati ya Ricky Ponting na Allan Border, manahodha wa zamani wa timu ya kriketi ya Australia, nani ameacha alama kubwa zaidi. Kwa takwimu tu, Ponting anaongoza mbali: mikimbio 13,378 ya Testi (mechi za kimataifa za siku tano) na senchuri 41 (mikimbio 100 au zaidi kwa zamu moja), Border 11,174 na senchuri 27. Na ile mikimbio 140 bila kutolewa aliyowapiga India fainali ya Kombe la Dunia 2003 kule Johannesburg (mwaka ule Wakenya tulifika nusu fainali, msisahau) ilimaliza mechi kabla ya jioni.

Lakini mimi nampa Border. Ponting alikuwa na nyota kina McGrath, Warne na Gilchrist. Border alirithi timu hoi mwishoni mwa 1984, nahodha aliyemtangulia amejiuzulu huku analia. Miezi michache kabla, kule Port of Spain, Trinidad, dhidi ya West Indies, Border alipiga 98 na 100 bila kutolewa hata mara moja, mrushaji wao mrefu Joel Garner akimrushia mpira kutoka juu kama mnazi, na mwishoni akabaki na Alderman, mpigaji wa mwisho wa Australia, wakaokoa sare. Baadaye akabeba Kombe la Dunia 1987, akairudisha Ashes (taji la Testi kati ya Australia na Uingereza) 1989 kwa 4-0. Ponting akiwa nahodha aliipoteza Ashes Uingereza mara mbili, 2005 na 2009.